Vidole Viwili Nilivyoongeza

Juzi nilikwenda kwa daktari wa meno pale Kileleshwa, baada ya jino kuninyima raha kwa siku tatu. Nililala kwenye kiti chake, mdomo wazi, macho nimeyafumba kwa woga, na ile mashine yake ikaanza kulia. Kisha harufu ikanifikia. Watu wengi huichukia harufu ya jino linaposagwa, na daktari mwenyewe aliniambia pole mara mbili. Mimi nilitabasamu, kadiri mtu anavyoweza kutabasamu akiwa amejazwa pamba mdomoni. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu. Ilikuwa harufu ya mama yangu akiwa kazini.

Nilikulia ndani ya vumbi la mfupa. Tulikaa chumba kimoja Kangemi, mimi na mama, na upande wa dirishani ulikuwa karakana yake: jiriwa la chuma la kubania mifupa, lililofungwa kwenye meza, msumeno, tupa za kila ukubwa, vipande vya msasa, na sufuria kuukuu ambayo haikuruhusiwa kuonana na chakula, kwa sababu humo ndimo mama alimochemsha mifupa na pembe za ng'ombe alizopewa na wauza nyama. Wageni walipoingia walikunja pua. Sisi tulikuwa tumezoea, na hata uji wangu wa asubuhi ulikuwa na ladha ya msasa kwa mbali.

Mama alitengeneza mashavu ya visu. Kisu cha kukunja, kile kidogo cha mfukoni, kina chuma katikati na vibao viwili vyembamba ubavuni, kimoja kila upande. Vibao hivyo ndivyo mkono unavyoshika, na mama aliviita mashavu. Vya dukani huwa vya plastiki. Hupasuka upesi, kisu kikabaki uchi huku makali yake bado ni mazima. Washona viatu, mafundi wa stima, walinzi na watunza bustani walimletea mama visu vyao vilivyo uchi, naye akavivisha mashavu mapya ya mfupa au ya pembe. Hapakuwa na visu viwili vilivyofanana, maana kila shavu lilichongwa kufuata mkono wa mwenyewe.

Hakupima kwa rula. Alikanda unga wa ngano kwa chumvi na maji kidogo, akakupa donge linalojaa kiganja, akakwambia, "Shika kama umeshika kisu. Usijikaze. Finya, halafu achilia." Ulipoachilia, mkono wako ulibaki humo: bonde la gumba upande huu, mabonde manne ya vidole upande ule. Alilianika mpaka likawa gumu kama jiwe, akaandika jina kwa penseli na kuliweka kwenye rafu juu ya kitanda changu. Alipochonga alilitazama donge, akaligusa, akaurudia mpini, akaligusa tena.

"Donge haliongopi," alikuwa akisema. "Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo, lakini si kwa mkono."

Kwa hiyo mimi nililala chini ya mikono ya watu. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na niliamini kabisa kwamba yale madonge ni watu wenyewe waliojikunja wakapumzika. Niliwaamkia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Kulikuwa na fundi viatu mmoja ambaye donge lake nililiogopa kwa sababu ya ukubwa wa gumba lake, na siku nilipokutana naye sokoni nilishangaa kumkuta ni mtu mwembamba, mpole, mwenye kikohozi.

Mama akibanwa na kazi, mimi ndiye niliyewapelekea wateja madonge, na shida ilikuwa waliofinya vibaya. Wengine walifinya kwa haya, kama wanaomshika mkono mama mkwe. Mama alilitazama donge kama hilo, akanirudishia. "Rudi umwambie afinye tena. Nataka vidole vinne na gumba." Nikarudi, nikamkuta mteja keshafika kituoni, au anakunywa chai mahali, nikamweleza mtu mzima kwamba hajui kufinya unga. Nililichukia neno hilo "rudi" kuliko kiboko cha shuleni.

Ndipo akaja Mzee Harbans.

Mvua za masika zilikuwa zimekatika na barabara imeanza kutoa vumbi. Gari jeupe lilisimama karibu na meza ya mama, pale ukingoni mwa soko alipouza kazi zake siku za Jumamosi. Ndani yake, kiti cha nyuma, alikuwepo mzee wa Kisikh mwenye kilemba cha samawati na ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Hakushuka. Dereva wake ndiye aliyemwita mama dirishani, na mimi nikamfuata mama nyuma nyuma kwa umbea wangu.

"Mama, nasikia wewe ndiyo unatengeneza visu," mzee akasema.

"Visu vinatoka kiwandani, mzee. Mimi natengeneza pahali pa kushika."

Mzee akacheka. Kwa mkono wa kushoto akatoa kisu kidogo chenye makali yaliyoliwa na kunolewa, mashavu yote mawili yameshang'oka. "Hii ilikuwa ya baba yangu. Ya kupandikiza maua. Nyumba yetu huko Loresho tumeuza. Mwisho wa mwezi tunahamia fleti Kileleshwa, na huku watabomoa kila kitu wajenge. Sasa pale mlangoni kuna waridi, baba ndiyo alipanda. Huwezi kuihamisha, mizizi imeingia chini ya nyumba. Lazima nikate macho yake, hizi vichipukizi kwa tawi, nipandikize kwa mikebe. Mikebe kumi na mbili iko tayari."

"Si uko na mtu wa bustani?" mama akauliza.

"Niko naye, na anajua kazi. Lakini hii nataka kukata mimi mwenyewe."

Mama akarudi mezani, akakanda donge, na kwa kuwa mteja mwingine alikuwa akimsubiri, akanipa mimi nilipeleke. Mzee alikuwa na gazeti limefunguliwa mapajani. Alilipokea donge kwa mkono wa kushoto, akalipitisha chini ya gazeti, akainamisha kichwa. Niliona paji la uso wake likikunjana na jasho likimtoka pembeni mwa kilemba. Nilidhani ni joto la gari. Mwishowe akanirudishia donge na kusema, "Ambia mama, hii ndiyo mkono niko nayo." Magari ya nyuma yalikuwa yakipiga honi, na dereva akaondoka.

Nikalitazama donge. Kulikuwa na gumba, kidole cha shahada, na kidole cha kati. Kisha unga ulikuwa laini tu, bila alama yoyote.

Moyoni nikasema, hiki ndicho kiburi cha wenye magari, hata kufinya unga wanaona kazi. Nikatazama nyuma, gari halipo. Nikatazama mbele, nikamwona mama, na nikaliona lile neno "rudi" tayari mdomoni mwake. Basi nikageuka kidogo kuelekea ukutani, nikabonyeza vidole vyangu viwili, cha pete na cha mwisho, pale palipokuwa wazi, nikavikandamiza ili vipate kina cha mtu mzima. Nikampelekea mama.

"Amesema huu ndio mkono wake," nikasema. Sehemu nyingine ya maneno yake sikuona maana ya kuitaja.

Mama alimchagulia mzee pembe nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, nyeusi yenye mstari wa rangi ya asali. Aliichonga kwa majuma mawili, kila jioni baada ya kazi nyingine. Nakumbuka alivyolishika lile donge siku moja akalisogeza dirishani kwenye mwanga. "Ajabu, Nekesa. Vidole vya mwisho vyembamba kama vya bibi harusi. Huyu mzee hajawahi kushika jembe." Nikasema labda. Alipomaliza kuipaka nta na kuisugua kwa kitambaa, yale mashavu yaling'aa hata ukajiona. Sijawahi kuona kazi yake iliyomfurahisha vile. Aliimba.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi tukavuka Waiyaki Way, tukapanda kwenda Loresho, mama akiwa na kiondo chake begani. Huko juu kulikuwa na ua wa miiba ya kayaba kila upande na kimya ambacho kilinifanya nitembee kwa vidole. Barazani kwa Mzee Harbans kulijaa masanduku yaliyofungwa kamba, na kando ya masanduku mikebe kumi na miwili imepangwa, kila mmoja na mche wa waridi mwitu ukisubiri kupandikizwa. Lile waridi lenyewe lilikuwa limekumbatia nguzo ya mlango, shina lake nene kuliko mkono wangu.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha mti, na safari hii hakuwa na gazeti. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja, vimetulia, wala havikusogea aliposogeza mkono wenyewe. Nilivitazama, nikavificha vyangu nyuma ya mgongo.

Mama alimkabidhi kisu. Mzee akakisifu sana, akakigeuza kwenye jua, kisha akakishika ili akijaribu. Gumba likapata bonde lake. Vidole viwili vya mbele vikapata mabonde yao. Nyuma palibaki mabonde mawili matupu, na kisu kikapinduka mkononi mwake kikaanguka sakafuni. Akakiokota, kikaanguka tena.

"Ni kazi safi," mzee akasema taratibu. "Lakini si mkono yangu."

Mama akapekua kiondo, akatoa donge. "Mzee, donge haliongopi. Tazama mwenyewe. Vidole vinne na gumba. Wewe ndiye ulifinya."

Mzee akalipokea kwa mkono wa kushoto. Akalitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mabonde ya mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Hizi mbili zilifinya?"

"Si unaona?"

"Mama Nekesa, hizi vidole zimelala tangu nipate ugonjwa wa kupooza. Daktari alisema huenda ziamke, huenda zisiamke." Akalisogeza donge karibu na macho. "Kumbe siku ile ziliamka na mimi sikujua!"

Akaanza kuvikunjua. Mishipa ya shingo ilimtoka. Akajaribu tena, akamwita dereva aliyekuwa akibeba masanduku. "Kuja uone! Ziliamka!" Dereva akaja mbio, akalitazama donge, akapiga makofi, akasema Mungu ni mwema. Mama naye akaanza kutabasamu. Walifurahi wote watatu pale barazani, na furaha yote hiyo niliitengeneza mimi kwa vidole vyangu.

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa mtu mzima: hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa akijaribu tena, ameuma meno, anavitazama vile vidole kama mtu anayemwita mtoto wake ambaye haitiki, na mimi sikuweza kuvumilia kumwona. Nikaanza kulia hata kabla sijasema.

"Ni zangu. Hizo mbili ni zangu. Mimi ndiyo nilifinya."

Hawakunielewa. Ikabidi niende mbele, niweke vidole vyangu ndani ya yale mabonde mawili. Viliingia barabara.

Dereva akarudi kwenye masanduku yake polepole. Mzee akaliweka donge chini. Nilimwona akizeeka upya mbele ya macho yangu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kofi nililolitazamia kutoka kwa mama.

"Kwa nini?" mzee akaniuliza.

"Niliogopa mama atanirudisha."

Akatikisa kichwa. Halafu akasema, "Na mimi niliogopa mama yako ataona. Ndiyo nikaficha na gazeti."

Mama aliyekuwa amesimama mikono kiunoni akatutazama, yeye na mimi, mimi na yeye. "Kwa hivyo mmekaa chini wawili nyinyi mkaniharibia pembe yangu nzuri," akasema. Kisha akavuta sanduku moja, akaketi mbele ya mzee, akanyoosha mikono yake yote miwili. "Mficha uchi hazai, mzee. Lete huo mkono."

Mzee akasita. Halafu akampa.

Sikuwahi kumwona mama akishika mkono wa mteja namna ile. Aliubonyeza kidole kwa kidole, kiganja chote, hadi ule upande wa chini unaoegemea meza mtu anapoandika. Hapo akasimama. "Hapa pana nguvu. Sukuma." Mzee akasukuma. "Basi kisu tutakishikia hapa. Hao wawili waache walale, hatuwahitaji."

Akaomba sufuria ya maji yanayochemka. Tupa na koleo alikuwa nazo, maana mama hakutoka nyumbani bila vyombo. Aling'oa misumari midogo ya shaba, akavua mashavu, akasawazisha yale mabonde mawili ya nyuma hadi yakapotea. Harufu ya pembe ikajaa barazani na mzee akapiga chafya mara nne. Kisha mama akalitumbukiza shavu moja kwenye maji ya moto, maana pembe ikipata moto hulainika, akalikunja mkia wake taratibu kwenye goti, juu ya kitambaa kilichosokotwa, akalishikilia hapo mpaka likapoa. Likawa na mkia uliojipinda kama ndoano fupi, wa kukumbatia upande wa kiganja wenye nguvu. Alimjaribishia mzee, akapunguza, akamjaribishia tena. Sikumbuki ni mara ngapi. Chai ya tangawizi ililetwa kwenye vikombe vya chuma, ikapoa, ikaletwa nyingine. Mimi nilifagia vumbi, maana sikujua kitu kingine cha kufanya na aibu yangu.

Jua lilikuwa limeinama upande wa Kangemi mzee aliposimama na kisu mkononi. Alikitikisa. Hakikuanguka. Akaenda kwenye waridi la baba yake, akakata jicho la kwanza, likachanika. Mama akaninong'oneza ninyamaze ingawa sikuwa nimesema kitu. Jicho la pili lilitoka zima, na kipande cha gome chembamba kama ukucha. Mzee akachana gome la mche kwenye mkebe wa kwanza, akalichomeka jicho humo, akalishikilia kwa gumba.

Likabaki la kufunga, na kufunga kunataka vidole. Dereva akasogea asaidie, mzee akamzuia kwa kichwa. Akanitazama mimi.

"Wewe uko na vidole zote. Kuja ufunge."

Nilifunga mikebe yote kumi na miwili kwa utepe wa nailoni, yeye akikata na kuchomeka. Kila nilipomaliza alivuta utepe kidogo kuona kama umekaza, akasema "Sawa," tukahamia mwingine.

Tukiwa njiani kurudi nilisubiri kuchapwa. Tulipoliona soko mama akapunguza mwendo. "Njia ya mwongo ni fupi," akasema, "hata akizungukia Loresho." Akanishika mkono, akaubonyeza kidole kwa kidole, kama alivyofanya kwa mzee. Tangu siku hiyo hakumpa mteja donge kabla ya kumshika mkono kwanza, na mimi hakunituma tena dirishani mwa gari.

Nyumba ile ilibomolewa. Miezi kadhaa baadaye mzee alituita kwenye fleti yake, ghorofa ya tatu. Mikebe mitatu ilikuwa imekauka, na tisa ilikuwa na majani mekundu machanga. Vidole vyake havikuamka, lakini alitumenyea machungwa kwa kisu chake mwenyewe, akanipa kipande kikubwa kuliko cha mama. Mkebe mmoja tuliondoka nao.

Waridi hilo sasa liko kwenye ubaraza wangu, na mama anakaa nami. Mimi ni karani wa ofisini, lakini jiriwa lake liko jikoni kwangu, na siku za Jumamosi bado kuna watu wanaoniletea visu vilivyo uchi, nami huvivisha. Yeye mwenyewe hachongi tena. Viungo vya mikono vimemvimba. Siku hizi akikata sukuma wiki kisu kinamponyoka, naye husingizia sabuni, husingizia kisu, husingizia sukuma yenyewe.

Nilipotoka kwa daktari wa meno, shavu bado limekufa ganzi, sikuvua hata viatu. Nilikanda unga kwa chumvi, nikaketi mbele ya mama nikanyoosha mikono. Alinitazama kwa jicho baya. Kisha akanipa wake, nikaubonyeza kidole kwa kidole. Nikamwekea donge.

"Shika kama umeshika kisu," nikasema. "Usijikaze."

Akacheka kusikia maneno yake mwenyewe. Akafinya, macho ameyafumba, paji la uso limekunjana, muda mrefu. Alipoachilia kulikuwa na bonde la gumba, mabonde mawili ya kina, moja hafifu, na mwishoni unga laini usio na alama. Nikanyoosha mkono kulichukua, naye akanishika kifundo cha mkono.

"Nekesa," akasema. "Usiongeze kitu."